Tanguliza mguu wa kushoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme juu ya mlango wa daladala. Sisemi juu ya foleni wala matusi ya makonda, hayo yameshaandikwa na wenye kalamu kali kuliko mimi. Mimi ni fundi cherehani. Nashona Kariakoo, chini ya ngazi za jengo moja karibu na Mtaa wa Msimbazi, mwaka wa 19 sasa, na nyumbani kwangu ni Segerea. Kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili napanda na kushuka, napanda na kushuka.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka nyumbani, nikataka nishuke Malapa kwa mteja mmoja kabla sijafika dukani. Konda akauliza, "Malapa wapo?" Nikajibu, "Yupo!" Akaniambia, "Bi mkubwa sogea mlangoni kabisa, hatukai hapa." Nikasogea. Gari likapunguza mwendo, halikusimama. Akanishika kiwiko kwa adabu, maana hakuwa kijana mbaya, akasema maneno tunayoyajua wote tunaopanda magari haya: "Tanguliza mguu wa kushoto, mama."

Nikatanguliza wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado kwenye ngazi nikasikia kiganja chake kinapiga bodi mara mbili. Mapigo mawili maana yake twende. Dereva akaenda. Mimi nilikuwa nimeshafika chini, ila pindo la gauni langu lilikuwa limebaki ndani, limenasa kwenye bolti iliyochomoza pale mlango unaposhikwa na bawaba. Nikakimbia ubavuni mwa gari kama mbuzi aliyefungwa nyuma ya baiskeli. Abiria wanapiga kelele, "Simamisha, mama kanasa!" Redio nayo inapiga kelele zake. Baadaye nilirudi nikahesabu: kutoka pale kiatu changu kilipobaki hadi pale nilipoangukia ni hatua kumi na moja.

Kilichoniokoa ni kitambaa. Ilikuwa pamba nyepesi, ikaachia kwenye mshono wa ubavu. Mshono ule niliupiga mwenyewe, na fundi huona haya mshono wake ukifumuka mbele za watu, lakini asubuhi ile nilishukuru kwamba sikuurudia mara mbili kama ninavyowafanyia wateja. Lingekuwa gauni la jinzi, barua hii angekuwa anaiandika mwanangu. Wauza matunda wakaniinua, mama mmoja akanifunga khanga yake, kijana akaniletea kiatu. Gari halikurudi. Namba zake ninazo, lakini siziandiki hapa, kwa sababu najua kitakachotokea: atakamatwa yule kijana mmoja, awe kafara, na kesho yake bolti ile ile itanasa gauni la mtu mwingine.

Goti lilipoanza kupona nikakaa nikafikiri. Nina daftari la kazi. Kila nguo inayoingia naandika jina, simu, kasoro na bei. Nikalipekua kuanzia Ramadhani iliyopita, nikitafuta nguo ambazo wenyewe waliniambia, "Fundi, hii imechanwa na daladala." Nikapata 31. Hizo ni za ngazi moja ya jengo moja, na ni za wale tu walioona nguo yao bado ina thamani ya kushonwa.

Naomba uniamini katika jambo moja, Mhariri: mchaniko unasema. Nguo iliyonaswa na bati la kiti ina nyuzi zilizovutika kwenda upande mmoja, na mara nyingi iko kwenye paja au nyonga, kwa sababu magari haya yanaongezewa viti na fundi wa kuchomelea anaacha makovu ya chuma bila kuyapiga msasa. Njia ya katikati inakuwa nyembamba, unapita kwa ubavu, na unaacha kipande chako kila unapopita. Nguo iliyonaswa na mlango inachanika kuanzia pindo kwenda juu. Nguo iliyopitiwa na wembe wa kibaka haina nyuzi zilizovutika kabisa. Imekatika safi kama aliyekata ni mimi kwa mkasi wangu, na iko palepale ulipo mfuko au mkoba. Na sweta za wanafunzi zinafumuka kwapani, nitaeleza kwa nini.

Kwanza nimalize habari ya mguu wa kushoto. Mpwa wangu alikuwa konda miaka minne kabla hajaenda kuendesha bodaboda. Nikamuuliza, huu mguu wa kushoto mnafundishwa wapi? Akacheka. Akasema hakuna anayefundisha, unakuta wenzako wanasema. Akanisimamisha sebuleni akanionyesha. Mlango wa gari letu uko kushoto. Ukishuka huku umeangalia mbele linakoenda gari, ukatanguliza kushoto, mwili unafuata mwendo, unakimbia hatua mbili tatu unasimama. Ukitanguliza kulia unajizungusha, mgongo unakwenda kwenye gari, unaanguka chali karibu na tairi la nyuma. Ni elimu ya kweli na imeokoa watu. Lakini isikilize vizuri. Gari likiwa limesimama, mguu wowote unafaa. Anayekwambia uchague mguu amekwisha kukwambia kwamba gari halisimami. Tumeisikia miaka mingi mpaka tukaiona ni heshima, kama vile "karibu" au "pole na safari".

Mpwa wangu huyo ndiye aliyenifungua macho juu ya hesabu. Wasomaji wengi wanalijua neno hili, lakini tulitamke wazi. Dereva na konda wengi wa daladala hawana mshahara. Asubuhi wanachukua gari kwa tajiri, yaani mwenye gari, jioni wanapeleka hesabu, kiasi alichowapangia. Kwenye Coaster yake ilikuwa shilingi 120,000 kwa siku, jua au mvua. Kabla hata hujaigusa hiyo, kuna mafuta, kuna wapiga debe wa kituoni, kuna pancha, kuna faini na vile vinavyoitwa faini. Kinachobaki usiku wanagawana. Dereva akichoka anampa gari deiwaka, mtu wa kushikia usukani kwa saa chache, ambaye tajiri hamjui na pengine leseni yake hajawahi kuiona. Kila sekunde gari linaposimama Malapa kumsubiri mama wa miaka hamsini na tatu ashushe mguu wa pili, gari la nyuma linapita na kwenda kuokota abiria wa Ilala Boma. Mpwa wangu aliniambia, "Shangazi, sekunde kumi za kituo kimoja zinakula vichwa vinne vya kituo cha mbele." Alikuwa ananieleza tu jinsi kazi ilivyo, hakuwa na maana ya kujitetea. Konda akipiga bodi mara mbili, kiganja ni chake lakini anayepiga ni ile 120,000.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia mabasi ya UDA, shirika la umma la usafiri wa Dar es Salaam, kabla daladala hazijaruhusiwa mwaka 1983. Nauli ya hizo gari za kwanza ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya tano ilikuwa inaitwa dala, ndiyo jina likazaliwa. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto niliwahi kupanda chai maharage, gari la wazi nyuma lenye mabenchi mawili mnaangaliana kama mko kilabuni. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Mama alisubiri UDA saa mbili kituoni na likija limejaa. Lakini kondakta wa UDA alikuwa anakata tiketi, na akikuangusha au asikuangushe, mwisho wa mwezi mshahara wake ulikuwa ule ule. Hapo ndipo tofauti ilipo, na hakuna stika wala semina itakayoifuta.

Sasa watoto. Desemba 2023 nauli ya chini mjini ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, mwanafunzi akaachwa kwenye 200. Ni vizuri kwa mzazi, nami ni mzazi. Lakini hebu kaa kwenye nafasi ya konda mwenye hesabu: kiti kimoja kinaweza kumletea 600 au 200. Serikali imempa mtoto punguzo na imemwachia kijana asiye na mshahara alilipe punguzo hilo kutoka mfukoni mwake. Yeye naye analipa kwa njia anayoijua. Gari linakaribia Tabata Bima asubuhi, wanafunzi wamejaa kituoni na mabegi, dereva hasimami kituoni, anapita hatua ishirini mbele. Watu wazima wanakimbia na kupanda, watoto wanakimbia na kuzuiwa. "Wanafunzi wawili tu! Wewe na wewe!" Hao wawili wanapanda mwisho kabisa, wakati gari linatembea, na konda anawavuta kwa mkono mmoja mmoja juu kama mtu anayeopoa ndoo kisimani. Ndiyo maana sweta za shule zinafumuka kwapani. Nimezishona nyingi mno. Mama mmoja aliniletea sweta ya mwanawe wa darasa la tano akidhani mtoto anapigana shuleni, akawa amekwisha kumchapa. Nikamwambia dada yangu, hii si ngumi, huu ni mvuto wa kwenda juu, muulize alipandaje gari. Akarudi siku ya pili macho mekundu. Mtoto alikuwa anaogopa kusema kwa sababu angeambiwa atoke nyumbani saa kumi na moja alfajiri.

Na wakishapanda wanasimama wapi? Mlangoni. Kwenye ile ngazi ya chini, mlango wazi, begi linaning'inia nje.

Vibaka nao kazi yao iko pale pale. Nimewatazama muda mrefu kwa sababu ninapenda kukaa kiti cha karibu na mlango, na kwa sababu wanatoka kwenye biashara inayofanana na yangu: wembe, mfuko, na mkono mwepesi. Huwa watatu. Mmoja anajifanya anashuka, akifika kwenye ngazi anaangusha sarafu, anainama kuitafuta. Wa pili yuko nyuma yako anakusukuma, "Songa basi anti, watu wanashuka." Wewe uko katikati huwezi kwenda mbele wala nyuma, mikono yako yote miwili imeshika bomba la juu kwa sababu gari linatembea na mlango uko wazi. Wa tatu anafanya kazi. Halafu gari linapunguza mwendo, haliwi limesimama, na wote watatu wanashuka kwa ustadi mkubwa, mguu wa kushoto mbele. Ukigundua, gari liko vituo viwili mbele. Gari lililofunga mlango na kusimama kituoni ni gumu kuliibia. Huyu wa wembe anautegemea mlango wazi kuliko anavyoutegemea wembe.

Kwa sababu hiyo nikawa mshona mifuko ya siri. Nilianza kwa kujishonea mwenyewe: kipande cha bitana ndani ya kiuno cha sketi, zipu ya inchi nne, mdomo wake umeelekea tumboni. Mteja mmoja akauona, akataka, akamwambia mwenzake. Zamani za simu za kitochi, mfuko wa inchi tatu kwa tano ulitosha. Siku hizi simu za kupangusa zimekuwa kama vigae, nakata nne na nusu kwa saba na nusu, na bitana lazima liwe gumu la sivyo simu inachora umbo lake nje na kibaka anaisoma. Natoza shilingi 3,000. Nakuhakikishia, Mhariri, kwamba kuna wiki ambazo mifuko ya siri inanilipia kodi ya chumba. Nasema hili ili ijulikane kwamba mimi ni miongoni mwa wanaonufaika na hali ilivyo, na bado nataka iishe.

Kuna stika iliyoko kwenye karibu kila gari: "Abiria chunga mzigo wako." Nimeisoma maisha yangu yote. Sijawahi kuona iliyoandikwa "Konda chunga abiria wako".

Jambo la wanawake kushikwashikwa nitaligusa, ingawa ni zito kwa mtu wa umri wangu kuliandika gazetini. Wasichana wanaokuja kwangu siku hizi wanaomba sketi iwe na bitana mbili nyuma, au suruali ya ndani ya kubana mpaka magotini, na wakati wa joto la Februari wanavaa hivyo hivyo. Nikiwauliza wanajibu neno moja, "Daladala." Msichana mmoja anayesomea uuguzi aliniomba nimfichie pini kwenye mkunjo wa sketi, ncha nje. Nilikataa, nikamwambia utamchoma asiyehusika katika nyomi ile. Akaniangalia akasema, "Mama, anayehusika namjua kwa pumzi." Nilimpa pini. Sijui kama nilifanya vizuri. Tuna Sheria ya Makosa ya Kujamiiana tangu 1998, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, lakini ili ufike kwenye dawati unahitaji dereva atakayesimamisha gari na konda atakayesema "huyu hapa nilimwona". Konda yule yule anayesubiri vichwa vinne vya kituo cha mbele.

Kuna watakaoniambia nihamie mwendokasi, yale mabasi makubwa yenye barabara yake. Njia ya Segerea haina mwendokasi, ila nayajua. Jumapili nyingi napandia Gerezani kwenda Kimara kwa mdogo wangu, tangu mabasi yale yalipoanza Mei 2016. Kwa habari ya kushuka, yale yametuonyesha kwamba inawezekana. Sakafu ya basi iko sawa na jukwaa la kituo, hupandi ngazi, na dereva ndiye anayefunga milango kwa kitufe. Hakuna anayekuambia habari ya mguu. Lakini siku mabasi yanapokuwa machache, jioni pale Gerezani nimeona kwa macho yangu watu wazima, wengine wamevaa tai, wakiingia kwa madirisha, na wanawake wenye watoto mgongoni wakirudi nyuma kukaa chini kusubiri. Katika msukumano ule vibaka wanavuna kuliko Buguruni. Mlango mzuri bila magari ya kutosha unakuwa mdomo wa gunia. Kwa hiyo sisemi kwamba chuma cha kisasa kitamaliza kila kitu.

Hata hivyo nilishangaa kuambiwa kwamba mlango wa kufungwa na dereva tulikuwa nao siku nyingi. Shemeji yangu ni fundi magari Gerezani. Anasema Coaster nyingi zinazotoka Japani zinakuja na mlango wa kukunja ambao dereva anaufungua na kuufunga kwa swichi akiwa amekaa kwenye kiti chake. Zikifika hapa, mfumo ule ukisumbua mara ya kwanza unang'olewa, mlango unafungwa kwa kamba ya manila ubaki wazi daima, na bolti inawekwa ili usicheze. Bolti! Nikamuuliza ni ghali kiasi gani kuurudisha. Akasema si ghali kuliko redio na spika zilizomo. Kwa nini basi hawarudishi? Akanijibu kama mjinga anavyojibiwa: "Shemeji, mlango ukifungwa, konda ataning'inia wapi?"

Ninajua kwamba yapo mambo yanayofanyika. LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu, tangu ilipochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, inatoa leseni za njia, inapanga nauli, inataka dereva na konda wavae sare, na kila gari lina mstari wa rangi wa njia yake ili lisikatishe ruti. Trafiki nao wapo. Lakini trafiki ninaowaona wako kwenye mataa na kwenye mizunguko, wanasimamisha gari, dereva anashuka na karatasi, wanaongea nyuma ya gari, anarudi. Sijamwona hata mmoja amesimama kituoni Malapa saa moja asubuhi akiangalia miguu ya watu. Angesimama hapo kwa nusu saa angeandika daftari lote. Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu 1973, imezeeka kuliko makonda wote ninaowajua, na sidhani kama tunahitaji nyingine. Tunahitaji mtu wa kutazama mahali penyewe.

Ninachoomba hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Gari lisiondoke kituoni mlango ukiwa wazi, na konda awe ndani ya mlango, si kuning'inia nje yake. Taa za ndani ziwashwe jua likizama; madereva wanazizima wakisema zinawaka kwenye kioo, na giza hilo lina wenyewe. Wenye magari waanze kulipa mshahara, hata kama ni nusu mshahara na nusu hesabu, na leseni ya njia iambatane na mikataba ya dereva na konda inayoonekana. Hilo najua litapigiwa kelele. Tajiri mmoja, mteja wangu mzuri ambaye mkewe namshonea magauni ya harusi, aliniambia, "Mama, ukimpa konda mshahara atalala." Nikamjibu, mimi nina msichana ninayemlipa mshahara dukani na halali kazini, ila hakimbizi mteja na mkasi mkononi. Alicheka, akalipa, akaondoka. Hakunijibu.

Na kuhusu punguzo la mwanafunzi, mwenye punguzo ndiye alilipe. Kama ni la serikali, serikali itafute namna ya kulifidia kwa mwenye gari, hata kwa kupunguza tozo zake. Tukimwachia konda, watoto wataendelea kulilipa kwa makwapa yao.

Kuhusu ukaguzi wa magari, nina pendekezo la kifundi. Wakaguzi wanaangalia breki, taa na matairi, na wana haki. Baada ya hapo, waingie ndani na kipande cha shifoni. Shifoni ni kitambaa kisichosamehe, kikigusa ncha ndogo tu kinanasa na uzi unatoka. Wakipitishe juu ya kila kiti, kwenye bomba za kushikia, kwenye ngazi, kwenye bawaba ya mlango mpaka chini. Kikinasa popote, gari lirudi kwa fundi wa kuchomelea lipigwe msasa, lije tena kesho. Ni kazi ya dakika tano, na haihitaji mashine wala umeme.

Gauni langu nimeshalitengeneza. Nimeweka kipande cha kitenge ubavuni na watu wanadhani ni mtindo, wawili wameniomba niwashonee kama lile. Mshono sikuurudia. Na wakaguzi kama hawana bajeti ya shifoni, wapite chini ya ngazi zangu, vipande vilivyobaki vimejaa gunia na sitawatoza kitu.

Mama Shani,
Fundi cherehani,
Kariakoo, Dar es Salaam